Pembe au Masikio? Istilahi za Mkanda wa Saa na Kosa la Milimita Moja

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi istilahi za sheria, za fedha, za kilimo na za utawala. Safari hii tunaomba ruhusa ya kushuka hadi kwenye kifundo cha mkono, mahali pafungwapo saa, tueleze istilahi chache za kitu kidogo ambacho wengi wetu tunacho, lakini ambacho hakuna aliyewahi kutuandikia kuuliza majina ya sehemu zake. Hatufanyi hivyo kwa upungufu wa kazi. Sababu ni kwamba tafsiri moja iliyopitishwa na mwandishi wa makala haya, kwa saini yake mwenyewe, imeharibu saa. Na saa hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja tu. Ililetwa mezani kwetu ikaguliwe kabla ya kupigwa chapa, ili ifuatane na mikanda ya ngozi ya saa za mkono itakayouzwa madukani. Asili yake ilikuwa ya Kiingereza. Mfasiri alikuwa mtu makini, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha karatasi nyingi tunazoletewa. Katika sentensi ya pili alihitaji jina la vile vichuma vinne vinavyochomoza katika kingo za saa, viwili upande wa juu na viwili upande wa chini, ambavyo mkanda huingia baina yake. Mfasiri huyo alijua kwamba Wafaransa huviita cornes, yaani pembe. Akaona taswira hiyo inapendeza, naye akaandika "pembe za saa". Katika sentensi ya saba, asili ilisema kwamba ikiwa mkanda umezidi kidogo nafasi yake, basi zile kona za mwisho wa ngozi zisuguliwe taratibu, na ziada igawanywe pande mbili. Hapo napo aliandika hivi: "Iwapo mkanda ni mpana kidogo, punguza pembe kwa tupa laini au msasa, milimita moja kila upande, mpaka uingie."

Niliisoma tafsiri hiyo sentensi baada ya sentensi, kama tulivyofundishwa, nikailinganisha na asili yake. Sentensi ya pili niliiona sahihi. Sentensi ya saba pia niliiona sahihi, kwa kuwa pembe ya kitu chenye kingo nne ni neno la Kiswahili lisilohitaji utetezi. Ile milimita moja ilinipita bila kuiona. Nikaweka saini. Jambo ambalo sikulifanya ni kusoma sentensi ya pili na ya saba pamoja, kama atakavyozisoma mtu mwenye saa mkononi na tupa mezani.

Mtu huyo alikuwa mdogo wangu. Baba yetu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliinunua saa hiyo mwaka 1974 alipoanza kazi. Ni saa ya kutia ufunguo kila asubuhi, na tangu baba afariki ilikuwa imelala katika kisanduku, mkanda wake umekauka na kupasuka. Nilinunua mkanda mpya wa ngozi, wa milimita 20, kwa kuwa muuzaji hakuwa na wa 19. Nikampa mdogo wangu, ambaye ni hodari wa baiskeli na hana woga wa tupa, pamoja na nakala ya karatasi yetu. Jioni yake aliniletea saa ikiwa imefungwa mkanda vizuri kabisa.

"Kaka, nimefuata karatasi yenu," alisema. "Chuma chake kigumu, lakini kimekubali."

Alikuwa amekereza pembe za saa. Alianza na zile mbili za juu, upande wa tarakimu ya 12, akachukua saa nzima kuzisugua kwa ndani kwa uangalifu mkubwa, mpaka nafasi iliyokuwa ya milimita 19 ikakaribia 20, na kichwa cha mkanda kikaingia bila kusukumwa. Zile za chini alikuwa bado hajazigusa. Huko aliibana ngozi kwa vidole ikaingia kwa taabu, naye alikusudia kumaliza siku ya pili. Siku ya pili hiyohiyo, nilipokuwa nikishuka daladala, pini ya upande wa juu ilichomoka, saa ikaanguka juu ya ngazi ya chuma, kioo kikapasuka.

Si haki kumlaumu mdogo wangu. Karatasi ilimwambia apunguze pembe, na kabla ya hapo karatasi hiyohiyo ilikuwa imemwonyesha pembe ni kitu gani. Mfasiri na mkaguzi wake ndio waliotumia neno moja kwa vitu viwili, kimoja cha chuma na kimoja cha ngozi, katika ukurasa mmoja.

Niliipeleka saa kwa fundi mmoja mzee wa Kariakoo, anayekaa nyuma ya kisanduku cha kioo kando ya njia. Baada ya shikamoo na marahaba aliiweka saa chini ya lenzi yake, akanyamaza kwa muda, halafu akauliza ni nani aliyeyala masikio ya saa hii.

"Masikio, mzee?" nikauliza. "Siyo pembe?"

"Sikio lina tundu, mwanangu. Pembe haina tundu. Sasa hii pini inaingia wapi?"

Mpiga baragumu angeweza kumbishia kwamba pembe nayo hutobolewa. Hata hivyo hoja ya mzee huyo ina nguvu ambayo sikuiona katika karatasi yoyote iliyokuwa mezani kwangu. Pembe ni jina lililopatikana kwa kutazama umbo la kichuma kwa nje. Sikio ni jina lililopatikana kwa kutazama kazi yake: ni kitu kilichochomoza ubavuni, kimetobolewa, nacho hushika kitu kingine kwa njia ya tundu hilo, kama sikio la mwanamke linavyoshika kipuli. Mtu akishaambiwa kwamba saa ina masikio manne, na kwamba kila sikio lina tundu upande wa ndani, ameambiwa nusu ya ufundi wenyewe. Kadhalika neno hili halituingizi katika mgongano. Lugha yetu hutumia viungo vya mwili kwa sehemu za vyombo bila mashaka yoyote: tuna mdomo wa chupa, ulimi wa kiatu, meno ya msumeno, kichwa cha msumari na mikono ya saa yenyewe, ambayo wazee waliiita akrabu. Nalo neno pembe linabaki na maana yake ya siku zote ya mahali kingo mbili zikutanapo, maana tuitumiayo katika pembetatu na pembe nne. Kwa hiyo pembe ni za mkanda, na masikio ni ya saa.

Yafaa kueleza kwa ufupi jinsi masikio hayo yalivyotokea, maana historia yake inaonyesha kwa nini pini imekuwa jambo kubwa. Saa za zamani zilikaa mfukoni, zikafungwa kwa mnyororo katika pete moja iliyokuwa juu yake. Mwaka 1904 Louis Cartier wa Paris alimtengenezea rafiki yake Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa mrushaji wa vyombo vya angani, saa ya kuvaa mkononi, ili asilazimike kuacha usukani na kupapasa mfuko. Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari wengi walizihitaji saa za namna hiyo. Nyingi za wakati huo zilikuwa na matao ya waya yaliyolehemewa katika kingo za saa, na mkanda ulipitishwa ndani ya matao hayo. Waya uliolehemewa hauchomoki. Baadaye matao ya waya yakaacha nafasi kwa masikio manene yenye matundu, na pini inayoweza kutolewa. Mkanda ukawa rahisi kubadilishwa. Lakini tangu hapo saa nzima imeshikwa na ncha nne ndogo, ambazo kila moja ni nyembamba kuliko sindano ya kushonea magunia.

Sasa tuangalie pini yenyewe, kwani hapa pana mtego mwingine wa istilahi. Pini hii ni mrija mwembamba wa chuma wenye springi ndogo ndani. Katika kila mwisho wa mrija ipo ncha, ambayo ukiisukuma hurudi ndani, na ukiiachia hutoka. Pini hupitishwa katika mfereji uliomo ndani ya kichwa cha mkanda, ncha zake zikabonyezwa, kisha zikaachiwa ziingie katika matundu ya masikio. Mfasiri mwenzetu mmoja alipendekeza iitwe "pini ya kamani", ili tuepuke neno springi. Nia yake ilikuwa njema. Kamani ni neno letu la siku nyingi, ni ndugu wa neno kamani la Kihindi lenye maana hiyohiyo, na asili yao ni neno la Kiajemi la upinde. Lakini katika saa neno kamani limekwisha kupata mwenyewe. Kamani ni ule utepe wa chuma uliozungushwa ndani ya mashine, ambao hukazwa tutiapo ufunguo na ndio uendeshao saa. Fundi akiambiwa "kamani imechomoka" atafungua mashine, naye atataka malipo ya kufungua mashine, ilhali kilichochomoka ni kijiti cha thamani ndogo kilicho nje kabisa. Istilahi haichaguliwi kwa uzuri wa asili yake tu. Haina budi kuulizwa kwamba katika kazi hiyohiyo, kwa mafundi haohao, kiti hicho kina mtu au ni kitupu. Kwa sababu hiyo tumependekeza pini ya springi. Kuna saa nyingine ambazo pini yake ni chuma kitupu kinachokazwa kwa parafujo. Hiyo ni pini ya parafujo, na maelezo yake hayatuhusu hapa.

Kuhusu mkanda hatuna mengi. Wako waliotaka ukanda, wako waliotaka mshipi, na mmoja alileta gidamu, ambalo ni neno zuri mno kuachwa lipotee, lakini ni la kiatu: ni kile kiukanda kipitacho baina ya vidole. Watu madukani husema mkanda wa saa, na sisi tumesema hivyo. Neno ukanda tumeliacha kwa ajili ya kipande kirefu cha ngozi kabla ya kushonwa. Bizimu ni neno la Kiarabu lililokwisha kuzoewa na halihitaji mrithi. Kile kichuma chake kiingiacho katika tundu la mkanda ni ulimi wa bizimu. Pete ni vile vitanzi viwili vishikavyo sehemu inayobaki baada ya kufunga. Ngozi ya ndani igusayo mwili ni bitana, kama bitana ya koti.

Mkanda una vipande viwili: kifupi chenye bizimu na kirefu chenye matundu. Kila kipande kina kichwa, yaani mwisho unaoingia baina ya masikio, na kile kirefu kina mkia. Tofauti ya kichwa na mkia ni lazima iandikwe katika maelekezo yoyote, kwa kuwa mikanda mingi hupungua upana kutoka kichwani kuelekea kwenye bizimu. Mkanda uliopigwa muhuri 20/18 una milimita 20 kichwani na 18 kwenye bizimu. Anayepima sehemu ya bizimu akasema mkanda wake ni wa 18 atakuwa amesema kweli, lakini juu ya mahali pasipohusika.

Tunafika sasa katika kiini cha jambo, nacho ni upana. Karatasi yetu ilitumia neno upana mara tano kwa vitu vitatu tofauti: upana wa saa, upana wa mkanda, na umbali kutoka sikio moja hadi jingine. Kitu hiki cha mwisho si upana wa kitu chochote. Ni nafasi tupu. Ukisema "upana wa masikio" msomaji atapima kutoka ukingo wa nje wa sikio moja hadi ukingo wa nje wa jingine, akajumlisha na unene wa chuma, akanunua mkanda ambao hautaingia hata kwa nyundo. Basi tumependekeza nafasi ya masikio, ambayo maana yake ni umbali kutoka ukuta wa ndani wa sikio moja hadi ukuta wa ndani wa sikio linalolikabili. Nafasi ya masikio ni sifa ya saa na haibadiliki. Upana wa mkanda ni sifa ya ngozi, na ngozi hubadilika. Kiasi ambacho upana wa mkanda umezidi nafasi ya masikio tumekiita ziada.

Maneno hayo matatu yakiwekwa mahali pake, hesabu hujieleza yenyewe. Saa ya marehemu baba ina nafasi ya masikio ya milimita 19. Mkanda niliounua una upana wa milimita 20 kichwani. Ziada ni milimita moja. Ziada hiyo ikigawanywa pande mbili, kila upande una nusu milimita. Karatasi yetu ilisema milimita moja kila upande, yaani jumla ya milimita mbili, na mkanda wa 20 ungekuwa wa 18. Lau mdogo wangu angekata ngozi badala ya chuma, angeufanya mkanda ucheze baina ya masikio na pini ionekane pembeni. Kwa maneno mengine, tafsiri yetu ilikuwa na makosa mawili, na kosa la pembe lilimzuia msomaji asilifikie kosa la milimita.

Namba 19 huwashangaza wengi, kwa kuwa mikanda inayopatikana kwa urahisi ni ya 18, 20 na 22. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo mkanda wa robo tatu ya inchi ukiandikwa kwa milimita huitwa wa 19. Saa zenye nafasi ya 17, 19 au 21 zipo nyingi, na wenye saa hizo ndio hasa wanaolazimika kuchagua baina ya mkanda mwembamba kidogo na mkanda mpana kidogo. Mkanda mwembamba huacha upenyo na hucheza. Mkanda mpana, kama ni wa ngozi na ziada yake haizidi milimita moja, waweza kusawazishwa. Wa chuma haubanwi.

Hatari ya mkanda mpana ni kwamba mara nyingi huonekana umeingia kabla ya kuingia. Ngozi iliyosongwa baina ya masikio husukuma kwa pande zote mbili, na ncha ya pini hugusa mdomo wa tundu bila kutumbukia. Kwa macho kila kitu ki sawa. Mvaaji anatoka, mkono unatoa jasho na kutikisika, ncha inateleza. Katika saa yetu kosa lilitoka upande mwingine: masikio yalikuwa yamekerezwa, nafasi ikakaribia 20, pini ikabaki ileile ya 19, na matundu yenyewe yakawa na kina kidogo kuliko mwanzo. Matokeo ni yaleyale. Kwa hiyo pini huchaguliwa kwa nafasi ya masikio wala si kwa upana wa mkanda, hata kama mkanda umeuzwa pamoja na pini zake. Mkanda wa 20 unaotiwa katika nafasi ya 19 hutumia pini ya 19. Pini ya 20 huenda isiingie kabisa, na pini ya 18 itaingia kwa urahisi unaodanganya.

Mzee wa Kariakoo alinionyesha kazi yenyewe kwa kutumia mkanda wangu, na nimeona vitenzi vyake ni bora kuliko kile kimoja cha "punguza" tulichokuwa nacho. Kwanza ni kubana. Aliilowesha kidogo ngozi ya kichwa cha mkanda kwa kitambaa chenye unyevu, wala hakuichovya majini. Akakizungushia kitambaa kikavu, akakishika kwa koleo lenye meno laini, akalibana kutoka ukingo hadi ukingo, polepole, akiliachia na kulirudia. Ngozi yenye unyevu hukubali kusogea na hubaki ilipoachwa ikikauka. Kwa ziada ya milimita moja, na ngozi isiyokuwa ngumu sana, kubana peke yake mara nyingi hutosha. Kisha ni kujaribu: mkanda hutiwa baina ya masikio bila pini, na kama unaingia kwa kusukumwa kidogo kwa kidole basi kazi imekwisha.

Ikiwa haukuingia, hufuata kuchonga. Alichora kwa penseli juu ya bitana mstari wa nusu milimita kutoka kila ukingo, kwa urefu wa ile sehemu tu inayokaa baina ya masikio, akaukata kwa wembe mpya kwa mikato miepesi mingi badala ya mkato mmoja mzito. Mahali ambapo sehemu iliyochongwa inakutana na sehemu isiyochongwa hutokea bega. Hapo aliizungusha ngozi kidogo ili bega lisiwe kali, kwa maana bega kali hukwama katika sikio na huanza kupasuka. Kuchonga kuna mpaka wake: mshono upo karibu na ukingo, na ukishaufikia uzi umeufungua mkanda wote. Kwa hiyo mwenye ziada ya milimita mbili au zaidi ni afadhali aurudishe mkanda dukani. Mwisho ni kusugua kwa msasa laini, na kuziba ukingo kwa rangi kidogo na nta, ili jasho lisipenye baina ya ngozi ya juu na bitana.

Baada ya hapo pini hupitishwa, ncha moja huingizwa katika tundu la sikio la kwanza, ngozi husukumwa upande huo kwa kidole gumba, na ncha ya pili hubonyezwa kwa kichuma chenye panda mpaka itumbukie. Husikika mlio mdogo. Mzee hakuuamini mlio huo. Aliishika saa kwa mkono mmoja juu ya kitambaa kilichotandikwa, akauvuta mkanda kwa nguvu kulia, kushoto na mbele, vipande vyote viwili. "Ikianguka, ianguke hapa," alisema.

Nilimwuliza juu ya masikio yaliyokerezwa. Alisema chuma kilichoondoka hakirudi kwa tupa. Ingewezekana kulehemu, lakini saa ingelazimika kuvuliwa mashine yake yote, na umbo lake lisingekuwa lile la mwanzo. Alinishauri nikubali kwamba saa hiyo sasa ina nafasi mbili, juu karibu 20 na chini 19, nitumie pini ya 20 juu na ya 19 chini, na kichwa cha chini cha mkanda kichongwe peke yake. Ndivyo tulivyofanya. Kioo kimebadilishwa. Ukiitazama saa kwa makini utaona kwamba masikio ya juu ni membamba kuliko ya chini, na mdogo wangu kila anapokuja nyumbani huitazama.

Karatasi imeandikwa upya, na imepelekwa kwa mafundi wawili wa saa na mshonaji mmoja wa ngozi kabla ya kuletwa kwetu, badala ya baada. Mahali pa ile sentensi ya saba sasa pamesimama maneno haya:

"Pima nafasi ya masikio, yaani umbali wa ndani baina ya masikio mawili ya saa yanayokabiliana. Pima upana wa mkanda kichwani. Ikiwa mkanda umezidi kwa milimita moja au pungufu, lowesha kidogo kichwa cha mkanda na ukibane kwa koleo lililozungushiwa kitambaa. Ikiwa bado hauingii, chonga ngozi kwa wembe, nusu ya ziada kila upande, bila kuufikia mshono. Usikereze masikio ya saa. Tumia pini ya springi yenye urefu wa nafasi ya masikio. Vuta mkanda kwa nguvu juu ya kitambaa kabla ya kuvaa saa."

Yamebaki mambo mawili ambayo bado hatujayakata. Neno bega tumelichukua kutoka kwa mzee mmoja, na mshonaji wa ngozi aliyeisoma karatasi anasema kwamba yeye huliita jino. Kile kichuma chenye panda cha kubonyezea ncha, mafundi wote tuliowauliza wanakiita "kile cha pini", na kila mmoja amejitengenezea chake kutokana na bisibisi nyembamba iliyochanwa ncha. Walimu wa vyuo vya ufundi na wafasiri walio karibu na mafundi wa saa katika miji mingine wanaombwa watuletee majina wanayoyasikia, pamoja na maelezo ya nani huyatumia na kwa kazi gani.